Siku Sitini za Mwenyekiti

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani, na kwetu Nyarero hilo si jambo la kujisifia. Mwanaume wa huku anatakiwa aonekane mnadani, aonekane malishoni, aonekane kwenye vikao, na akipata nafasi aonekane Nyamongo akiongea na dereva wa gari la mgodi kama mtu anayemfahamu. Mimi naonekana kwangu. Najua nyumba yetu ina vijiko vingapi, najua kuku gani ametaga nje ya banda, na najua jirani gani ameanua nguo zikiwa bado mbichi. Mke wangu, ambaye ndiye mwenye miguu katika ndoa yetu, huwaambia wateja wake wa sokoni kwamba mumewe ni kama bawaba: bila yeye mlango haufunguki, lakini hajawahi kwenda popote.

Kwa sababu hiyo hiyo nikawa katibu wa kampuni.

Kampuni yenyewe ilianza kwa mayai. Wapishi wanaowalisha wafanyakazi kule Nyamongo walikuwa wakinunua mayai na mboga kwetu kwa kapu na kwa trei, kila mtu na lake, mpaka siku moja wakatuambia wamechoka kubishana na watu kumi. Wanataka kampuni. Iwe imesajiliwa, iwe na mwenyekiti wa kupigiwa simu na karatasi yenye nembo. Basi tukakusanyana, watu kumi wa vijiji viwili vinavyopakana, tukagawana hisa, tukamchagua mzee mmoja mwenye ng'ombe wengi na sauti nzito kuwa mwenyekiti wa wakurugenzi, na wenzake wawili wa rika lake wakawa wakurugenzi pamoja naye. Ilipofika zamu ya katibu watu wakatazamana. Mkurugenzi mmoja akasema, "Mpeni huyu. Hata mvua ya mawe ikinyesha utamkuta."

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne pia. Hicho hakikutajwa.

Wakili aliyetusajilia kampuni ana ofisi yake Bomani, chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni mama wa makamo aliyetoka mikoa ya kusini, ana Kiswahili laini ambacho ukikisikia huku kwetu unadhani anakubembeleza. Alinikabidhi daftari la wanahisa na kurasa alizonitolea nakala kutoka kwenye sheria ya makampuni. Akaniambia, "Kampuni haina kichwa wala kumbukumbu. Kumbukumbu yake ni wewe. Kitu ambacho hujaandika hakijatokea."

Nilirudi nyumbani nimevimba kama andazi. Njiani nilikuwa nimepita kwa mchonga mihuri na kununua mhuri wa kuzungusha tarehe, ulioandikwa IMEPOKELEWA. Wiki ile niligonga kila kitu. Niligonga ratiba ya chanjo ya kuku, nikagonga mwaliko wa harambee ya kanisa, nikagonga barua ya mwenyekiti ya kuomba viti vya kampuni vikatumike msibani. Mke wangu aliporudi sokoni akaleta sukari, akaweka mfuko mezani, akasema, "Gonga basi, isije ikasemekana haikufika."

Nikacheka, lakini desturi niliyoanza wiki ile sikuiacha. Kila karatasi ya kampuni iliyofika kwangu niliigonga mhuri, nikaiandika kwenye daftari la zinazoingia kwa namba yake, nikagonga na nakala moja ya yule aliyeleta aondoke nayo. Watu walinitania kwamba kwa katibu huwezi kuleta hata habari bila kupewa risiti.

Sasa, miongoni mwa wale wanahisa kumi alikuwepo Bibi mmoja, mjane wa kaka mkubwa wa mwenyekiti. Ndiye aliyetoa kiwanja cha banda la kwanza na kuku wa kwanza, kwa hiyo hisa zake zilikuwa nyingi kuliko za wengi wetu. Bibi hakujaliwa mtoto. Kwetu mambo kama hayo yana njia yake. Mwanamke mwenye nyumba isiyo na mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba ile, wanabeba jina la boma lile. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi alitoa ng'ombe zamani akamleta binti mmoja, naye sasa ni mama mtu mzima wa watoto watatu, na wote wana jina la marehemu mume wa Bibi. Kwa mila ni mke wake. Bibi mwenyewe humwita mkwe.

Huyu mkwe ndiye aliyekuwa kampuni yenyewe, kama mtataka niseme kweli. Sisi wengine tulikuwa na hisa. Yeye alikuwa na kazi. Alfajiri alikuwa anapanga trei, anazifunga kwa mipira nyuma ya bodaboda, anakaa upande mgongo ukizikinga, na kufika Nyamongo kwa ile barabara na mayai mawili tu yamepasuka, wakati mwingine moja. Watunza stoo wa jikoni walimjua kwa jina, sisi wakurugenzi na katibu walitujua kwa sahihi. Lakini siku ya mkutano wa wanahisa yeye alikaa mlangoni kwenye mkeka, kwa sababu hakuwa na hisa hata moja, na viti vilikuwa vya wenye hisa.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini siku waliyokuja kwangu wote wawili, Bibi akitembelea fimbo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Katibu. Upo?"

"Nipo."

"Najua upo. Nauliza kwa heshima tu."

Akakaa, akapumzisha miguu ambayo ilikuwa imeanza kumsumbua mwaka ule, akamwashiria mkwe. Mkwe akatoa bahasha ndani ya kanga. Ilikuwa hati ya kuhamisha hisa. Walikuwa wamekwisha kwenda wenyewe kwa wakili, Bibi ameweka dole gumba, mkwe ameweka sahihi, ushuru wa stempu umelipwa. Hisa zote za Bibi ziende kwa mkwe. Kilichobaki ni kampuni kuandika jina jipya kwenye daftari.

"Zote, Bibi?"

"Zote. Nataka siku nikifa zisiwe zangu."

Sikuelewa mara moja, naye akaona.

"Zikiwa zangu," akasema, "watakaa wenye sauti wagawane. Zikiwa zake, atakayezitaka atamwomba yeye. Na huyu ana roho ngumu, hatampa."

Mkwe akainamisha uso, lakini niliona anatabasamu.

Hapo ndipo ilipokuwa hatari yenyewe, na hakuna aliyehitaji kuitamka. Watoto walikwisha kubaliwa na ukoo, ng'ombe walikwisha kubaliwa, hata shamba la Bibi lilikuwa na mipaka inayojulikana. Lakini hisa ni kitu kipya. Mila zetu zinasema mengi kuhusu ng'ombe, hisa hazikuwahi kutajwa. Bibi akifa jina lake likiwa bado daftarini, mama huyu aliyeibeba kampuni mgongoni angebaki kwenye mkeka wake mlangoni, akipeleka mayai ya watu.

Niligonga mhuri. Namba kumi na saba kwenye daftari la zinazoingia. Nikagonga na nakala, Bibi akaikunja mara nne akaiweka ndani ya Biblia yake ambayo huwa anatembea nayo ingawa hasomi.

Jioni ile nilijikokota mpaka kwa mwenyekiti, mwendo wa dakika ishirini ambao kwangu ni safari. Nilimkuta anatazama ng'ombe wakiingia zizini. Nikamweleza. Alihesabu kwanza ng'ombe sita wakipita.

"Hisa za kaka yangu," akasema.

"Za Bibi, Mzee. Kaka alikuwa amekwisha fariki tulipoanza."

"Kuku walikuwa wa boma la kaka yangu. Sawa. Tutakaa."

Lazima niseme kidogo kuhusu neno hilo, kwa sababu kisa chote kimelala humo. Kwetu mtu mzima hakataliwi usoni. Ukipeleka shauri lako kwenye iritongo, ule mkutano wa watu wote wa eneo, na wazee hawalitaki, hakuna atakayekwambia hapana. Utaambiwa tutakaa. Kikao kijacho kuna msiba. Kinachofuata kuna mtu ng'ombe wake wamepotea. Ukisikia tutakaa mara ya tatu unachukua fimbo yako unaenda zako, umekwisha jibiwa, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Ni njia nzuri. Mimi mwenyewe niliposa kwa mara ya kwanza nikaambiwa tutakaa, na hadi leo naishi vizuri na ile familia.

Na katiba ya kampuni yetu kweli iliwapa wakurugenzi nguvu ya kumkataa mtu wasiyemtaka aingie kwenye daftari. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa anakataa. Alikuwa anakataa kwa adabu zote alizofundishwa na baba yake.

Tatizo ni kwamba mimi nasoma. Mtu wa nyumbani akimaliza kuhesabu vijiko inabidi asome, na mimi husoma hata gunia la chakula cha kuku, mpaka chini kabisa wanapoandika mahali pa kulihifadhia. Siku ya ishirini hivi tangu hati ifike, mvua imenizuia barazani, nikachukua zile kurasa za wakili. Nikakuta kifungu. Kampuni ikikataa kuandikisha uhamisho wa hisa, lazima impelekee aliyehamishiwa taarifa ya kukataa ndani ya siku sitini tangu hati ilipoletwa. Nikarudia. Nikaenda kwenye kalenda ya duka la dawa za mifugo, nikahesabu kwa kidole, nikaweka alama ya kalamu ya risasi kwenye siku ya sitini.

Sikutaka ionekane nimejificha na sheria. Nilimwambia mwenyekiti kwanza, kwa barua rasmi, na siku hiyo hiyo nikamwambia Bibi. Bibi aliuliza, "Kwa hiyo wakisema hapana ndani ya siku hizo?"

"Watakuwa wamesema hapana, Bibi. Katiba inawaruhusu. Utabaki kwenda kwa jaji."

"Na wasiposema?"

"Sijui vizuri. Wakili ndiye anajua."

"Basi usimharakishe shemeji yangu," akasema. "Ni mtu mzima."

Lakini nilimharakisha, kwa kuwa ndiyo kazi ya katibu. Barua ya kwanza siku ya ishirini. Ya pili siku ya arobaini. Ya tatu siku ya hamsini na tano, hiyo niliipeleka kwa mkono wangu na kumsomea kwa sauti, nikiwa nimesimama.

"Mzee, mnaweza kukubali, mnaweza kukataa. Naomba tu mkae muandike."

"Mura," akaniambia, na mtu wa umri wangu akiitwa mura anajua amepunguzwa miaka makusudi, "umetumwa na wanawake?"

"Nimetumwa na karatasi, Mzee."

"Karatasi inanihesabia siku mimi? Nyumbani kwangu?"

"Inahesabia kampuni."

"Kampuni ni mimi. Tutakaa."

Barua ya pili niliiona pale. Ilikuwa imekunjwa vizuri, imefunika kopo lake la ugoro.

Siku ya sitini ilikuwa siku ya jua kali na mahindi yalikuwa tayari ya kuchoma. Sikutoka, jambo ambalo halikumshangaza mtu. Nilikaa barazani na daftari la zinazotoka na daftari la zinazoingia, mhuri pembeni, nikisubiri kama mtu aliyeahidiwa wageni. Nilitamani waje wakurugenzi watatu wamekunja nyuso, waseme tumekataa, niandike, niumie, basi. Nilitamani pia wasije. Mke wangu aliniletea hindi la kuchoma, nikalishika mpaka likapoa.

"Kula," akasema. "Sheria haiwezi kukuona ukitafuna."

Jua lilipokaribia kuzama nikachora mstari chini ya tarehe ile kwenye daftari la zinazotoka. Juu ya mstari hapakuwa na kitu. Kuchora mstari chini ya kitu ambacho hakijatokea ni kazi ndogo, lakini niliuchora kwa rula.

Siku tatu baadaye mwenyekiti alikuja kwangu. Hakuwahi kuja. Mke wangu alimwekea kigoda kizuri, akamletea uji wa ulezi, akajifanya anachambua mchele hatua mbili kutoka hapo, mchele ambao alikuwa ameuchambua jana.

Mzee alikunywa uji nusu. Akasema kwamba jana wamekaa, wakurugenzi wote watatu, na wamekataa. Niandike barua. Nikamwambia nitaiandika, kwa kuwa mimi ni karani wao, ila itabeba tarehe ya leo, na leo ni siku ya sitini na tatu. Akauliza kwani hati ile ilifika lini hasa. Nikamwonyesha.

"Huo mhuri wako unazunguka," akasema kwa upole. "Nimeuona. Una kigurudumu."

"Unazunguka, Mzee."

"Basi uzungushe. Hati ilifika wiki moja baadaye. Wewe unakaa hapa peke yako siku zote, nani atajua?"

Nimeishi na kejeli za kukaa nyumbani tangu utoto, lakini sikuwahi kufikiri siku moja zitakuja na ombi. Nilijikuta nasema bila kupanga.

"Mzee, kila mtu atajua, kwa sababu nakaa hapa siku zote. Nakala ya Bibi haina kigurudumu. Iko kwenye Biblia yake. Halafu tazama hapa." Nikamgeuzia daftari. "Kumi na saba ni hati. Kumi na nane ni karatasi ya chanjo. Kumi na tisa ni barua yako mwenyewe ya viti vya msiba, ile ya pili. Nikiisogeza hati wiki moja mbele, inabidi na msiba wa watu niusogeze."

Mwenyekiti aliitazama barua yake kwa muda. Ilikuwa na mhuri mzuri, umekaa katikati, wino haukuvuja.

Mke wangu akakohoa juu ya mchele.

"Wewe," mzee akamwambia bila kugeuka, "mumeo ni mbishi namna hii siku zote?"

"Hapana, Baba. Hata mimi leo ndiyo namwona."

Alicheka, yule mzee. Kidogo, puani, lakini alicheka. Kisha akasema twende kwa huyo wakili tukasikie kwa masikio, na kwa kuwa alisema twende, kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Bomani, macho nimefumba kuanzia daraja la kwanza.

Wakili alimwamkia shikamoo, akampa kiti chenye mto, akasoma karatasi zote bila haraka. Akauliza maswali mawili tu. Hati ilipokelewa lini? Nikaweka daftari mezani. Barua ya kumkataa huyu mama iko wapi? Hatukuweka kitu mezani.

"Baba," akasema kwa kile Kiswahili chake laini, "mlikuwa na nguvu ya kumkataa. Katiba yenu inasema. Lakini nguvu hiyo ina muda wake, na muda umeisha mkiwa mmekaa nayo mkononi. Mkikataa sasa, akienda kwa jaji, mtaulizwa kalenda kabla ya kuulizwa sababu."

"Sisi tulikataa," akasema mwenyekiti. "Tulikataa tangu siku ya kwanza. Kijiji kizima kinajua tulikataa."

"Mlimwambia?"

"Tulinyamaza."

"Ndiyo hivyo."

Mwenyekiti alifungua mdomo. Magari yalikuwa yanashusha mabati dukani chini na kelele zake zikapanda zikajaa chumba, ikabidi wote tusubiri.

"Kwa hiyo kunyamaza kwetu," akasema mabati yalipotulia, "serikali imeona ni kukubali."

"Hapana, Baba. Sheria haisemi mmekubali. Inasema mmechelewa kukataa."

Nilimtazama mzee nikiogopa. Nimemwona akikasirika mnadani, si jambo la kutamani. Lakini niliona kitu kingine. Alinyoosha mgongo kama mtu aliyepimwa na akapimika. Tofauti ile aliielewa kuliko mimi. Hakuna aliyesema amelainika, hakuna aliyesema amebadili maneno yake mbele ya shemeji yake. Alikuwa amechelewa tu, na mtu yeyote anaweza kuchelewa.

"Ningejua," akaniambia tukishuka ngazi, "ningekataa siku ya pili."

"Nilikuandikia mara tatu, Mzee."

"Nilijua umeandika. Sikujua unasema kweli."

Mkutano wa wanahisa tuliufanya kwenye ghala la mayai wiki iliyofuata. Nililetewa meza. Nilikuwa nimevaa shati la harusi yangu, ambalo bado linafunga isipokuwa kifungo kimoja cha katikati, nikakificha kwa daftari. Nikafungua ukurasa wa wanahisa, nikapiga mstari mwembamba wa rula kwenye mstari wa Bibi, nikaandika pembeni tarehe ya kuhama, na chini yake nikaandika jina jipya. Sijawahi kuandika vizuri namna ile, hata kwenye mtihani wa mwisho, na pale nilikuwa naandika ili nitoke kijijini. Ilisikika kalamu tu na kuku wa banda la jirani.

Cheti cha hisa nacho kina muda wake wa kuandaliwa kisheria, na mimi nilikuwa nacho tayari kabla mtu hajauliza. Mwenyekiti alikitazama mbele na nyuma. Akaomba kalamu, akakataa ya kwangu, akatoa ya kwake mfukoni. Alitia sahihi taratibu, kila mkunjo mahali pake.

Kisha akainua macho akatazama mlangoni. Mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka wake kama siku zote, amenyoosha miguu, ana vumbi la Nyamongo kwenye visigino.

"Mwanahisa anakaa chini?" akauliza mwenyekiti. "Katibu, kampuni hii haina viti? Nilivirudisha vyote baada ya msiba."

Watu wakacheka, kiti kikapitishwa juu ya vichwa kutoka nyuma. Mkwe akasimama, akakung'uta kanga, akaja akakaa mstari wa mbele, mgongo wima vile vile kama anavyokaa nyuma ya bodaboda akikinga trei. Mkurugenzi wa pili alipomuuliza kama ana neno, alisema kwamba kesho kuna oda ya trei thelathini na kwamba mkutano ukichelewa kuisha hataweza kupanga. Ukaisha mapema kuliko mkutano wowote wa kampuni yetu.

Mwenyekiti amebadilika kwa jambo moja. Siku hizi anachokikataa anakikataa hapo hapo, kwa maandishi, na tarehe. Alianza na mimi. Niliomba mhuri mpya kwa kuwa namba za mwaka kwenye huu zinaelekea kwisha, akakataa kabla sijaketi, akaniagiza nimwandikie barua ya kunikatalia.

Nilitembea kurudi kwangu siku ile ya mkutano na daftari kwapani, na mke wangu nyuma yangu anasema kwa sauti ili majirani wasikie, "Ameandika jina moja, ona anavyotembea. Angeandika mawili tungemkodia gari." Nilikuwa najivunia, na sioni aibu kusema. Watu hukumbuka walikokwenda. Mimi nakumbuka siku sitini nilizokaa mahali pamoja, na nikikumbuka hivyo bado nanyoosha shati.

Tuliwapita Bibi na mkwe wake wamepumzika kando ya njia, Bibi amekaa kwenye jiwe, cheti kiko mapajani mwake. Alikuwa anakipapasa kwa dole gumba lile lile aliloweka kwenye hati.

"Katibu, nionyeshe. Jina lake ni lipi hapa?"

Nikainama nikamwonyesha.

"Hili refu?"

"Hilo."

"Na la shemeji yangu?"

"Hili hapa chini, penye sahihi."

Akaweka kidole kimoja kwenye hili na kingine kwenye lile, akapima kama anapima kitambaa.

"La mkwe wangu ni refu zaidi," akasema.

Nikahesabu ili nisimdanganye. "Kwa herufi mbili, Bibi."

Akakikunja cheti mara nne, mimi nikiumia moyoni kwa ile mikunjo, akakiweka ndani ya Biblia pamoja na ile nakala, akamshika mkwe bega, akainuka.